Wino wa Tarehe Kumi na Mbili

Jumatatu, 3 Machi

Bibi amenichoka. Jana, tukikunja nguo, aliniambia kwa utani wa bibi kwa mjukuu, "Mume wangu, hofu zako zimenijaa masikioni, na masikio yenyewe unaijua hali yake. Ziandike mahali, zikae huko." Ndiyo maana nimenunua kijitabu hiki.

Leo nimeanza kazi. Mimi ni karani wa Mkurugenzi Mtendaji katika jumba la maonyesho: maigizo, ngoma, kwaya, sarakasi. Jumba ni la shirika lisilolenga faida. Fundi wa taa, aliyenitembeza, alisema, "Hapa hakuna mwenye mali, kuna mwenye jukumu tu." Viti ni mia nne na kumi na viwili, nilivihesabu nikisubiri kuitwa. Ngazi ya kwenda ofisini ina vidato kumi na tisa, na cha saba kinalia. Nipo kwenye majaribio ya miezi mitatu.

Mkurugenzi ni mama wa makamo, mfupi, viatu bapa. Wote wanamwita Mama Kengele, hata mbele yake, kwa sababu kila onyesho yeye mwenyewe hushika kengele ya mkono na kuipiga mara tatu mlangoni. Aliniuliza swali moja tu.

"Ukikosea, unamwambia nani?"

"Sikosei mara nyingi, mama."

"Sikukuuliza ni mara ngapi," akasema, akarudi kwenye karatasi zake.

Jumanne, 4 Machi

Nimekalia kiti kibovu siku nzima kwa kuogopa kuomba kingine.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekabidhiwa daftari la jukwaa. Ni daftari kubwa lenye jalada jeusi, ukurasa mmoja kwa kila siku ya mwaka, na ndani yake zimo tarehe zote za jumba: nani atapanda jukwaani, lini, saa ngapi. "Lisome mpaka ulijue," alisema Mama Kengele. "Na usilifunge wino ukiwa mbichi."

Nililikuta limechakaa vibaya. Nusu ya majina yameandikwa kwa penseli, mengine yamefifia, mengine yamefutwafutwa. Nikadhani karani aliyenitangulia alikuwa mvivu. Shuleni nilikuwa na mwandiko wa kwanza katika darasa la watu hamsini na sita. Nikachukua kalamu ya wino na kupitia kila jina lililoandikwa kwa penseli. Tarehe 12 Aprili, siku ya ufunguzi wa msimu, palikuwa na majina mawili: la juu lilionekana, la chini lilikuwa kama vumbi. Nikaandika la juu, nikalifuta la chini.

Ningeweza kuuliza. Niliogopa kuonekana sijui.

Mstari mmoja tu sikuugusa. Kwenye ukurasa wa tarehe 3 Juni imeandikwa kwa penseli, kwa mkono wa Mama Kengele: "Karani, mwisho wa majaribio?" Alama ile ya kuuliza imenikaa kifuani.

Ijumaa, 7 Machi

Ukutani kuna maelekezo: kila tarehe iliyoandikwa kwa wino itumiwe barua ya uthibitisho. Nikaona tarehe nane hazina barua. Nikachapa zote nane kabla ya saa nne. Mama Kengele alikuwa anaondoka kwenda safari, mkoba begani, gari linangoja. Alilitazama daftari lililokuwa wazi mezani, akaona wino, akatia sahihi nane akiwa amesimama, bila kusoma. Barua zimekwenda. Nimerudi nyumbani nikitembea kama mtu mwenye cheo.

Jumatatu, 10 Machi

Leo nimejua nilichofanya.

Fundi wa taa alikuwa juu ya ngazi, mimi nimemshikia chini. Nikamwambia, kwa kujisifu kidogo, kwamba nimelisafisha daftari.

"Umelisafishaje?"

"Nimepitisha wino."

Akashuka vidato viwili. "Kijana, hapa penseli ni matumaini, wino ni ahadi. Mama Kengele akishatia wino, hata jumba likiungua, onyesho litafanyika kwenye majivu. Hakuna mwingine anayeutia wino huo." Kisha akacheka. "Unanitania, bwana. Nilikaribia kuanguka."

Nikacheka naye mpaka taya zikaniuma. Halafu nikaenda msalani kukaa.

Alhamisi, 13 Machi

Nimepiga simu kwa ujanja ujanja, kama mtu anayehakiki anwani. Saba kati ya nane walikuwa wameshakubaliana na Mama Kengele. Imebaki moja, ya tarehe 12 Aprili. Sijathubutu.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua imeanza, na msiba wangu umeingia nayo, umelowa, umevaa koti la plastiki. Ni mwalimu wa shule ya viziwi, pamoja na wanafunzi wake wawili, mvulana mrefu na msichana mwenye macho makali. Walikuja kupima jukwaa kwa hatua.

"Tarehe 12 ya mwezi ujao tunafungua msimu," alisema mwalimu. "Mama yenu alikuja shuleni mwenyewe. Alijifunza ishara wiki nzima ili atuahidi kwa mikono yake. Watoto hawajalala vizuri tangu siku hiyo."

Hilo ndilo jina nililolifuta kabla mama hajalitia wino.

Nikawapa viti. Nikawaandikia vipimo vya jukwaa kwa mwandiko wangu mzuri.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Paa la jumba ni la bati, na ikinyesha kwa nguvu mchezaji hasikiki hata akipasua koo. Basi kuna desturi yao hapa: mvua ikianza, wachezaji hawaondoki. Wanakaa ukingoni mwa jukwaa, miguu inaning'inia, wanatazamana na watu mpaka ipungue. Wanaita "kungoja mvua". Leo kwaya ilingoja dakika ishirini katika mazoezi. Mama Kengele alikaa ukingoni nao, akila njugu.

Jumatano, 19 Machi

Nimempigia simu kiongozi wa kundi la maigizo lililopata ile barua. Wanamwita Bwana Sauti, na nimejua sababu. Niliiweka simu mbali na sikio na bado nikasikia. Nikamuuliza kama angependa tarehe nyingine.

"Kijana, barua yenu ina mhuri?"

"Ndiyo, mzee."

"Mabango yangu yameshabandikwa mji mzima. Mimi ufunguzi nimeungoja miaka sita. Umeelewa, au nipandishe sauti?"

Nimeelewa.

Ijumaa, 21 Machi

Mwenyekiti wa bodi amekuja. Ni mtu mpole wa sura, anayepangusa kiti kwa leso kabla ya kukaa. Mkataba wa Mama Kengele unakwisha mwezi ujao, na bodi ndiyo itakayoamua kama ataendelea. Mlango ulikuwa wazi kidogo, nikasikia.

"Siku ya ufunguzi bodi nzima tutakaa safu ya mbele," alisema. "Mambo yakienda sawa, tutazungumza. Yasipokwenda, wapo wanaotaka jumba hili liwe ukumbi wa mikutano na harusi. Na wana hoja, mama. Harusi hazichelewi kwa sababu ya mvua."

"Harusi zinachelewa kuliko kitu chochote duniani," alijibu Mama Kengele.

Baada yake niliitwa nichape wasifu wa kazi wa mama kwa ajili ya bodi. Nilianzia juu, kwa vyeo: Mkurugenzi Mtendaji wa jumba, miaka kumi na mitano, kabla yake, mkuu wa shirika la maktaba za watoto, kabla yake, meneja wa hospitali ya hisani. Akanisimamisha.

"Anza na kukata tiketi."

"Hapa, mama?"

"Mlango ule wa pembeni. Miaka minne. Halafu kuonyesha watu viti kwa tochi, miwili. Halafu msimamizi wa jukwaa. Andika kwa mpangilio ule ule nilioishi."

Nilichapa upya kutoka mwanzo. Mtu amepanda kutoka mlango wa pembeni mpaka ofisi ile, kidato kwa kidato, na mimi kwa mstari mmoja wa wino nitamshusha.

Jumapili, 23 Machi

Nimeandika barua ya kujiuzulu mara tatu. Bibi aliinyang'anya ya tatu, akaisoma kwa miwani yake iliyofungwa uzi.

"Kiswahili kizuri," alisema. "Ila hakuna neno lolote la kweli. 'Kwa sababu za kifamilia.' Familia ni mimi, na mimi sijakufukuza kazi."

Nikamwambia yote, kwa kupaza sauti, mpaka nadhani jirani naye alisikia.

"Mficha maradhi kilio humuumbua," alisema. "Kesho asubuhi, kabla hujanywa chai. Ukishakunywa chai utapata sababu."

Jumatatu, 24 Machi

Nilimkuta jukwaani peke yake, akikanyaga mbao moja moja kwa kisigino.

"Hii ya tatu itatutia aibu," alisema bila kugeuka. "Mchezaji akinong'ona hapa, mbao itamjibu."

Nilikuwa nimepanga sentensi zangu vizuri. Zilitoka kinyumenyume: kwanza viziwi, halafu Bwana Sauti, halafu wino, halafu kiti kibovu, sijui kiti kilifikaje pale. Mwishowe nikampa barua ya kujiuzulu. Hakuifungua. Aliagiza daftari. Alilishika ukurasa wa tarehe 12 ukielekea dirishani, akauinamisha, na nikaona naye akaona: chini ya jina la wino bado upo mfereji mwembamba wa penseli niliyoifuta.

"Umekaa na hili siku ngapi?"

"Tangu waje kupima jukwaa, mama. Kumi."

"Kosa la wino ningelitengeneza kwa siku moja. Hizo siku kumi ndizo sijui nitazitoa wapi." Hakupaza sauti. Heri angepaza. "Sahihi kwenye barua ni ya nani?"

"Yako, mama."

"Nami sikusoma. Basi tumekosa wawili, na mkubwa ni mimi." Akaichukua barua yangu, bado imefungwa, akaichomeka katikati ya daftari. "Hii nitaisoma baada ya ufunguzi. Una viatu visivyoogopa matope? Tunatoka."

Tulikwenda kwa Bwana Sauti kwanza. Alikuwa kwenye mazoezi katika ukumbi wa shule, shuka begani, wachezaji kumi na wanne wakimzunguka. Mama alimweleza moja kwa moja: ofisi yake imeahidi jukwaa moja kwa makundi mawili, anaomba wagawane siku, nusu kwa nusu.

"Mimi sijawahi kuwa nusu ya kitu."

"Na mimi sijawahi kumrudisha mtu niliyemwahidi. Sasa ninao wawili."

"Nani aliyekosea?"

Nilishika kiti.

"Ofisi yangu," alisema mama. "Unakumbuka onyesho lako la kwanza? Ulikuwa na mstari mmoja. 'Mfalme anakuja.'"

Bwana Sauti alitazama pembeni. "Hilo si la kusimulia mbele ya vijana."

"Ukausahau. Ukasimama, mfalme akasimama, sote tukasimama. Nani aliyekunong'oneza kutoka mlango wa pembeni, tiketi mkononi?"

Kundi zima lilicheka, na yeye, baada ya kujaribu kukasirika, akacheka kuliko wote. "Sawa, Kengele. Lakini mimi natangulia."

Kwa viziwi ilikuwa vigumu zaidi. Mama aliwaeleza kwa ishara, polepole, akikosea na kurudia. Yule msichana mwenye macho makali alijibu kwa mikono ya haraka, na mwalimu akatafsiri: "Anauliza kwa nini sisi ndio tulioambiwa wa pili."

"Mwambie ana haki ya kuuliza," alisema mama. "Mwambie sina jibu zuri."

Msichana akanitazama mimi, akaonyesha kidole, akasema kitu. Mwalimu akatafsiri. "Anasema huyu ndiye aliyekosea. Anasema uso wako unapiga kelele."

Nikainamisha kichwa. Msichana akapunguza makali kidogo, akapindua kiganja: haya, basi.

Jumatano, 2 Aprili

Mbao ya tatu imetengenezwa. Nimepewa kiti kipya. Sikukiomba.

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua siku ya tano mfululizo. Ndoo saba kwenye ukumbi. Fundi wa taa amezipa majina ya wajumbe wa bodi. Ya Mwenyekiti ndiyo inayojaa haraka.

Ijumaa, 11 Aprili

Bibi amesema atakuja. Nimemwambia hatasikia kitu. "Nimekuwa sisikii kitu miaka minane," alisema, "na bado najua unavyokoroma."

Jumamosi, 12 Aprili

Nitaandika yote.

Saa kumi kasoro dakika tano viti vyote vilijaa. Bodi safu ya mbele, Mwenyekiti amepangusa chake. Bibi safu ya tatu, mikono juu ya mkoba. Mama Kengele akapiga kengele mara tatu, Bwana Sauti akapanda.

Sijawahi kuona mtu akilijaza jukwaa namna ile. Kwa dakika ishirini niliusahau woga wangu. Kisha nikasikia matone, moja, mawili, kama mtu anayemwaga kunde juu ya bati, halafu bati zima likanguruma. Midomo ya wachezaji ikaendelea, sauti zikapotea. Bwana Sauti alishindana na mbingu kwa sentensi mbili. Akashindwa. Akakaa ukingoni, miguu ikining'inia, na wenzake wakamfuata.

Watu walipiga makofi, kwa sababu desturi wanaijua. Wakangoja. Dakika kumi. Robo saa. Mvua ikazidi. Watu wa nyuma wakaanza kuinuka. Mwenyekiti alimwinamia mjumbe wa kando yake, akaonyesha paa, kisha saa yake.

Mimi nilikuwa pembeni mwa jukwaa na Mama Kengele. Kwa mara ya kwanza nilimwona amesimama bila la kufanya, kengele mkononi. Nikamtafuta Bibi kwa macho. Watu wote wanalitazama paa kwa hasira, yeye ametulia, anawatazama wachezaji, anasubiri waendelee. Kwake hakuna kilichobadilika.

Nikamsogelea mama, nikampigia kelele sikioni, mimi, niliyeshindwa kuomba kiti:

"Viziwi hawahitaji kungoja mvua."

Alinigeukia. Sikusikia alichosema, lakini alinipa kengele nimshikie, akaingia jukwaani mbele ya watu wote, akamwinamia Bwana Sauti. Niliuona uso wa yule mzee ukikunjamana, kisha ukikunjuka. Akainuka. Akaenda mwenyewe mpaka pembeni walipokuwa viziwi, akawaonyesha jukwaa kwa mkono wote, kama mwenye nyumba. Halafu akarudi kukaa ukingoni, akiwapa watu mgongo, ili atazame.

Kengele isingewafaa. Fundi wa taa akazima na kuwasha taa mara tatu, wakaanza.

Mchezo wao ni wa mtu anayetafuta mhuri. Anakwenda dirisha hili, anatumwa lile, na kwenye kila dirisha yupo karani mwoga zaidi ya mwenzake. Mvulana mrefu alikuwa mwenye karatasi. Yule msichana alicheza makarani wote, na karani wa mwisho, naapa, alikuwa mimi: mabega, macho, namna ninavyoshika kiti. Waliokuwa wameinuka walirudi kukaa. Mvua ilipiga bati kwa nguvu zake zote na haikumsumbua mtu. Ukumbi mzima ulitikisika kwa kicheko kisichosikika. Bibi alicheka mpaka miwani ikaanguka, na alicheka pale pale walipocheka wengine, si baada ya kuambiwa.

Walipomaliza, mwalimu aliinua mikono juu na kuipungia hewani; ndivyo viziwi wanavyopiga makofi. Ukumbi ukafuata. Mikono mia nane na zaidi. Hata ya Mwenyekiti.

Mvua ikapungua. Bwana Sauti akamalizia sehemu yake, na nadhani hajawahi kucheza vizuri zaidi.

Njiani Bibi aliniambia, "Yule karani wa mwisho anafanana na mtu fulani. Siwezi kumtaja, ni mume wangu."

Alhamisi, 17 Aprili

Kikao cha bodi. Mimi ni mwandishi wa kumbukumbu, kazi yangu ni kunyamaza.

Waliusifu ufunguzi. Kisha Mwenyekiti akafungua taarifa ya mama, ile niliyoichapa mimi, akasoma kwa sauti: "'Tarehe 12 niliahidi jukwaa moja kwa makundi mawili.' Mama, mvua ilikuokoa. Hili lilitokeaje?"

Wakati wa kuichapa nilimwomba aandike kwamba karani ndiye aliyeahidi. Alijibu, "Karani hana jukwaa la kuahidi."

"Lilitokea kama nilivyoandika," alisema sasa.

"Miaka kumi na mitano hujakosea tarehe. Kama umechoka, si aibu."

Nikaiona kalamu yangu ikisubiri kuandika neno "kuchoka" mbele ya jina lake. Nikailaza mezani.

"Samahani, Mwenyekiti," nilisema, na sauti yangu ilitoka nyembamba kama uzi. "Niliyepitisha wino ni mimi. Sikuuliza, kwa woga. Nikaficha siku kumi, kwa woga pia. Mama hajachoka. Alitembea kwenye matope kurekebisha kosa langu na hakunitaja popote. Naomba hayo yaingie kwenye kumbukumbu."

Mjumbe mmoja, daktari mstaafu, alikohoa. "Anayeandika kumbukumbu ni wewe, kijana. Ingiza."

Nikaingiza. Mwandiko haukuwa mzuri.

Mwenyekiti alinitazama, akamtazama mama, akatoa leso, akairudisha bila kupangusa kitu. "Mtu anayefundisha makarani kusema hivi," alisema, "sioni tutampata wapi mwingine." Walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Wote tisa. Mkataba, miaka mitano.

Kwenye ngazi, mama alisimama kwenye kidato cha saba, kile kinacholia. "Sasa umejibu swali langu la siku ya kwanza," alisema, akaendelea kupanda.

Jumatano, 30 Aprili

Mvua inakwisha. Ndoo zimebaki mbili.

Jumanne, 3 Juni

Miezi mitatu imetimia. Nimefika saa moja asubuhi, kabla ya wote, ila si wote: kengele haikuwa kwenye msumari wake, na kwenye ngazi kulikuwa na alama za viatu bapa.

Daftari la jukwaa lilikuwa mezani kwangu, limefunguliwa. Katikati yake ilikuwamo barua yangu ya kujiuzulu, bado imefungwa. Ukurasa ulikuwa wa leo. Ile penseli niliyoogopa kuigusa imepitiwa wino mweusi, kwa mkono wake. Alama ya kuuliza imefutwa. Nimeinamisha ukurasa dirishani, mfereji wake bado upo.

Nilitaka kulifunga nikimbie kumwambia Bibi. Nikagusa herufi ya mwisho kwa ncha ya kidole, ikanipaka.

Nimekaa. Nangoja wino ukauke.